Mkono Uliosimamisha Mahakama

Mheshimiwa Jaji, uliyeahirisha kesi zako za asubuhi ili ukae nasi, Waheshimiwa Mahakimu, mlio kazini na mliostaafu, Ndugu Mawakili, ambao leo mmekaa benchi moja bila kuulizana nani anamtetea nani, Ndugu askari wa mahakama, makarani wenzangu, wageni waalikwa, shemeji yangu, mume wa mstaafu wetu, pamoja na watoto na wajukuu, na wewe mwenyewe, dada yangu, uliyekalishwa kiti cha mbele na kila mara unataka kunyanyuka kwa sababu katika chumba hiki umezoea kusimama: nawasalimu nyote kwa heshima kubwa.

Ratiba inasema nizungumze kwa kifupi. Ratiba hiyo nimeiandika mimi mwenyewe, kama karani mkuu, kwa hiyo msihangaike kutazama saa. Nilipoombwa kumuaga mkalimani wetu nilikubali haraka, si kwa sababu najua kusema kuliko waliopo, bali kwa sababu wengine wote wanamwogopa. Na wana haki ya kumwogopa. Mtu huyu ukimsifu kwa neno lisilokaa sawa, ataliita lirudi, akuulize mbele za watu ulikuwa na maana gani. Kwa hiyo sikuja na kilemba cha ukoka. Nimekuja na mambo niliyoyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeketi kwenye kile kimeza kidogo mbele ya hakimu, ambacho vijana wetu leo wamekiwekea keki, kama walivyofunga maputo kwenye kizimba cha mashahidi. Natumaini hakuna shahidi atakayezoea.

Kwa wageni ambao hamjawahi kuingia hapa siku ya kesi, na Mungu aendelee kuwaepusha, nieleze jambo moja. Mkalimani wetu, kila wakili au hakimu anapotaja neno la Kiingereza linaloanza kwa kukana, huinua mkono wa kulia mpaka usawa wa bega. Mahakama husimama. Wakili aliyekuwa katikati ya sentensi yake tamu huimeza. Yeye humgeukia mtu ambaye neno hilo limemwangukia, humwambia maana yake yote bila kupunguza, kisha husubiri aseme kama amesikia, na kama ana la kujibu. Hapo ndipo mkono hushuka. Ndiyo maana tunamwita Mama Mkono. Karani mgeni akilisikia jina hilo hudhani tunamsengenya kuwa ni mkono wa birika, mpaka saa ya chai ifike aone anavyogawa chakula chake hadi abaki na kifuniko.

Na saa hiyo ya chai ndiyo iliyokuwa darasa letu. Katika chumba cha makarani, kile chenye dirisha lisilofunga mpaka ulibane kwa gazeti lililokunjwa, alitufundisha vipande vinavyokaa mbele ya maneno hayo ya kukana kana kwamba anatupa habari za majirani. Alituambia kuwa "un" ni mkaidi: aingie nyumba yoyote, habadiliki. Utamkuta kwenye "unhappy", mtu asiye na furaha, na kwenye "unfair", jambo lisilo la haki, na kote ni yule yule. "In" yeye ni mkwe mwenye adabu. Akiwa kwao ni "in", kama katika "incomplete", kitu kisichokamilika. Lakini akienda ukweni hubadilisha nguo. Mlangoni kwa p anakuwa "im", ndipo tunapata "impossible", lisilowezekana. Kwa l anakuwa "il", ndiyo "illegal", kilicho kinyume cha sheria, neno ambalo sisi hapa tunalijua kuliko majina ya wajomba zetu. Kwa r anakuwa "ir", ndiyo "irresponsible", asiyewajibika. "Dis" ni mgomvi, akiona watu wamekubaliana anatia "disagree", hawakubaliani tena; akiona mzazi na mtoto wamekaa pamoja anatia "disown", mzazi amemkana mtoto wake. Halafu yuko "mis", ambaye wala hakani kitu: anaitikia wito, anaifanya kazi, na anaiharibu. "Misunderstand": umeelewa, lakini umeelewa vibaya. Askari wetu mmoja alisema huyo "mis" anamjua, ni shemeji yake kabisa, na tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Lakini kicheko kikiisha alikuwa anaweka kikombe chini na kutuambia jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka nakaa vizuri kwenye kiti. Alisema kwa Kiingereza mtu anaweza kukanwa kwa herufi mbili tu, na herufi hizo zikapita hewani bila kumgusa mtu. "Unfit", asiyefaa. Nani? Neno halisemi. Linaelea. Kiswahili hakikupi upenyo huo. Ukitaka kukana, lazima kinywa chako kiseme unamkana nani: sifai, mimi; hufai, wewe; hafai, yeye. Lazima umtazame mtu. Je, nani kati yetu hapa ana moyo wa kumtazama mama wa watu mbele ya wageni na kumwambia, hufai? Wewe, Ndugu Wakili? Mimi je? Sisi tuliofundishwa tangu utotoni kwamba mtu mzima haambiwi hivyo hata kama ni kweli?

Hapo ndipo ulipozaliwa mkono huu, na sasa naomba niwasimulie ulivyozaliwa. Mwenyewe ameniruhusu, kwa sharti kwamba nisimpunguzie.

Miaka mingi imepita. Mimi nilikuwa karani mdogo wa kuita majina mlangoni na kubeba mafaili, na yeye alikuwa mkalimani kijana, msomi, mwenye viatu vinavyolia sakafuni, anayejua kwamba ni hodari na hafichi. Kesi zote wakati ule ziliendeshwa kwa Kiingereza. Siku hiyo lilikuja shauri la malezi ya mtoto. Mama alikuwa fundi cherehani, ameachana na mumewe, na mume amesafiri moja kwa moja. Shangazi wa mtoto, dada wa huyo mume, ndiye aliyekuja mahakamani na wakili kuomba mtoto wa kike wa darasa la kwanza aondolewe kwa mama yake akakae kwake. Mama hakuwa na wakili. Hakujua Kiingereza. Alikuwa na gauni alilolishona mwenyewe na pochi aliyoishika kwa mikono miwili, na kitu pekee kilichosimama kati yake na mambo yaliyokuwa yakisemwa juu yake kilikuwa mkalimani wetu.

Wakili wa shangazi akasimama. Alikuwa fundi wa maneno, Mungu amrehemu. Akasema mama huyu ni "unfit". Akasema ni "irresponsible". Akasema ni "uncaring". Akamalizia kwamba ni "incapable". Maneno manne, yote yana kipande chake mbele, yote yametoka kwa sauti ya chini ya kistaarabu, kama mtu anayesoma vipimo vya mwili.

Na mkalimani wetu akamgeukia yule mama. Akamwona alivyoishika pochi. Akamwonea huruma. Akasema kwa upole, "Mama, wakili anasema umekuwa na wakati mgumu kidogo kumlea mtoto." Mama akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ndiyo." Neno la pili akamwambia, "Anasema mambo yamekuelemea." Mama akasema, "Ni kweli kabisa." La tatu: "Anasema hupati nafasi ya kukaa na mtoto." Mama akaitikia tena, maana msimu wa kushona sare za shule ulikuwa umeanza, na kweli nafasi ilikuwa haba. La nne: "Anasema unahitaji msaada." Mama akatabasamu, jamani. Akasema, "Nitashukuru."

Mheshimiwa Hakimu wa siku ile, ambaye leo ni mstaafu na nimemweka karibu na feni kama alivyopenda siku zote, alikuwa anaandika. Aliona nini? Aliona mama anaambiwa hafai na anaitikia kwa kichwa. Anaambiwa hawajibiki na anasema ni kweli kabisa. Anaambiwa hajali na anaitikia. Anaambiwa hana uwezo na anashukuru. Kabla ya kuondoka mezani akasema kwa Kiingereza kwamba, kwa kuwa mama mwenyewe amekubali yote, kesho asubuhi atatoa uamuzi. Shangazi akamshika wakili wake mkono. Mama akamwinamia hakimu kwa heshima, akatoka nje akiamini kwamba amepata watu waungwana.

Mimi nilimtazama mkalimani. Viatu vyake havikulia siku hiyo. Alibaki amesimama pale pale mpaka nikaanza kufunga madirisha, na nilipomuuliza kama anaumwa, aliniambia, "Nimemnyang'anya yule mama mtoto wake, na nimemnyang'anya kwa adabu."

Asubuhi iliyofuata hakimu alipoketi na kufungua faili, mkono wa kulia ukapanda. Ndiyo mara ya kwanza. Askari alidhani anaomba kutoka. Hakimu akamwuliza kuna nini. Akajibu, kwa sauti ambayo hata mlangoni niliisikia, "Mheshimiwa, naomba nirekebishe. Jana nilimfanyia huyu mama adabu. Hakuja hapa kutafuta adabu, alikuja kusikia anachoshitakiwa. Hajakisikia. Aliloitikia ni maneno yangu, si maneno ya wakili. Kosa ni langu mimi."

Ndugu zangu, fikirini vizuri alichokiweka mezani. Mkalimani anaapishwa kutafsiri kwa ukweli; yeye amesimama na kusema kiapo changu nilikivunja jana. Wakili akaruka juu akisema mkalimani si shahidi, anyamaze au atolewe. Na wewe Mheshimiwa uliye karibu na feni, nakusifu mbele ya Jaji, kwa sababu uliweka kalamu chini. Ulisema, "Mwambie sasa."

Akamgeukia mama. Safari hii hakutazama pochi, alimtazama machoni. "Mama, wakili alisema hufai kumlea mtoto wako. Alisema huwajibiki. Alisema humjali. Alisema huna uwezo. Umesikia?"

Niliona uso wa yule mama ukibadilika, na nakiri nilitamani tungemwacha na upole wa jana. Kisha akasimama vizuri.

"Nimesikia," akasema. "Nani hamjali? Mtoto wangu ana sikio linatoa usaha mvua zikianza. Hebu muulizeni shangazi yake ni sikio lipi."

Hakimu akamtazama shangazi. Shangazi akamtazama wakili. Wakili akatazama karatasi zake, nazo hazikuwa na sikio.

"La kushoto," mama akasema. "Namlaza juu ya la kulia ili la kushoto lipate hewa. Anakaa chini ya meza yangu ya kukatia akitoka shule, ananisomea nikiwa nashona. Siku nilizochelewa kumfuata nilimwachia jirani, na jirani yupo nje hapo, mwiteni. Jana mliniuliza kama nina shida, nikasema ninayo. Nani hana? Hamkuniuliza kama namtaka mwanangu."

Jirani aliitwa. Mtoto naye akaitwa, akaulizwa sikio gani, akalishika la kushoto kwa kidole. Uamuzi ulisogezwa mbele, kesi ikasikilizwa upya tangu mwanzo, na mtoto akabaki kwa mama yake. Shangazi akapewa siku za likizo za kukaa na mtoto, na nasikia baadaye walikuja kuelewana hata wakapeana vitambaa.

Msidhani mkalimani wetu alipigiwa makofi. Aliitwa ghorofani kwa wakubwa kujieleza. Sisi makarani tulikaa roho mkononi, tukijua mwenzetu anarudi kuchukua mkoba wake na kwenda nyumbani. Akashuka ngazi, viatu vinalia tena, akasema, "Wameniuliza kama nitarudia. Nimewaambia kulainisha sirudii. Kurekebisha nitarudia kila siku." Ndivyo ilivyokuwa. Mkono ulipanda wiki ile, ukapanda mwezi ule, mawakili wakalalamika kwamba kesi zinakwenda polepole, mahakimu wapya wakakunja nyuso. Kisha wakazoea. Kisha, na hapa ndipo ninapovimba kichwa kama nilifanya mimi, wakaanza kupima maneno yao kabla ya kuyatoa. Kwa sababu ni rahisi kuliachia neno "dishonest" lielee hewani; ni kazi nyingine kabisa kusimama na kungoja mzee wa watu aambiwe machoni, wewe si mwaminifu, huku mkono wa mama huyu ukiwa umesimama kama mti. Wengi walichagua kueleza tu kilichotokea. Leo mahakama nyingine zinaleta wakalimani wao hapa wajifunze, na chuo kimeomba atoe masomo. Wakiniuliza mlijifunza wapi, nasema tulijifunza kwetu, kwa mwenzetu aliyekosea mchana kweupe akarekebisha mchana kweupe.

Shemeji, wewe pole. Mheshimiwa Jaji, shemeji huyu aliwahi kuniambia kwamba siku moja alisifu chakula cha mkewe kwa kusema si kibaya. Mkono ukapanda mezani. "Si kibaya, basi ni nini?" Hajawahi kurudia. Siku hizi anasema ni kitamu, hata kabla ya kuonja.

Na yule fundi cherehani yuko hapa, safu ya pili, mwenye kilemba cha kijani. Hakuja na kadi ya mwaliko, alikuja na vipimo. Gauni alilovaa mstaafu wetu leo limetoka mikononi mwake, na mkilitazama vizuri mtaona kwapa la kulia limeachiwa nafasi kuliko la kushoto. Nilimuuliza kama ni kosa la mkasi. Akaniambia, "Karani, nguo ya mtu yule ikibana hapo, itachanika kabla ya saa nne." Binti yake ameshindwa kuja kwa sababu ni fundi wa mafriji na leo yuko kazini. Sikio lilipona.

Sasa nimalizie na ujumbe uliotoka kwa wakubwa wetu. Wamemshukuru kwa utumishi wake mrefu, wamesifu uhodari wake, na mwisho wamesema kwamba mkalimani huyu ni "irreplaceable".

Naona. Mheshimiwa Jaji, naomba radhi, inabidi tusimame kidogo. Mkono umepanda.

Haya, dada yangu, sheria ni yako na mimi naifuata. Nakugeukia. Nakutazama. Wamesema huna mbadala. Wamesema hapatikani mwingine wa kusimama hapo ulipokuwa unasimama. Sijapunguza kitu. Umesikia? Una la kujibu?

Ndugu wageni, sauti yake haifiki nyuma, na nadhani mnajua kwa nini leo haina nguvu. Basi niacheni mimi niwe mkalimani wake, na nitasema kama anavyosema. Anasema amesikia. Anasema anawashukuru wakubwa, lakini hakubali. Anasema mwingine yupo, ameketi dirishani, amemfundisha mwenyewe, na Jumatatu asubuhi ataapishwa. Anasema kama kweli hakuna wa kushika kazi yake, basi alifanya kazi bure. Maana Jumatatu ataletwa mama mwingine pale kwenye kizimba, ameshika pochi yake, na atakuwa hana mtu.

Nimetafsiri sawa, dada? Anaitikia. Safari hii mnaweza kukiamini kichwa hicho.

Naomba basi nami nirekebishe, ingawa neno halikuwa langu. Neno lile lilisema tu usivyo. Acha niseme ulivyo: wewe ni mkweli, ni mkali, una majivuno ambayo umeyatolea jasho, na sisi wa chumba hiki tunatembea vifua mbele kwa sababu tulifanya kazi na wewe. Ninakupenda, na hilo halina kipande chochote mbele.

Na wewe mwenzetu wa dirishani, simama watu wakuone. Usitetemeke, tuliotetemeka hapa ni wengi. Inua mkono. Juu zaidi, usawa wa bega. Hivyo hivyo, ushikilie.

Tazameni, mkono wa dada umeshuka.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea masikio. Mahakama inaweza kuendelea.